Msimbati kwenye bamvua la Oktoba: kupima bahari pamoja na wenye bahari yao

Wengi mmeniuliza zile picha za pweza nilizoposti ni za wapi, basi nimekaa nikatoa daftari, nikapanga picha kwa tarehe, haya ndo maelezo yenyewe. Kulikuwa na timu ya wataalamu wanaenda kijiji cha Msimbati, Mtwara, siku za bamvua (pale maji ya bahari yanapojaa na kutoka kuliko kawaida), kupima hali ya matumbawe, majani ya bahari na samaki ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na wakataka mtu wa kuandika mazungumzo na wanakijiji na kupiga picha. Mi bahari naijua ya kulowesha miguu tu Coco Beach ila kuandika haraka naweza, nikapata kibarua. Majina ya watu siweki, nawaita kwa kazi zao.

Jumanne 15 Oktoba 2024. Dar mpaka Mtwara

Siku moja baada ya Nyerere Dei, basi limejaa watu waliokuwa wamekuja kusalimia. Tumetoka Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, nauli elfu thelathini na nane ya lile lenye kiyoyozi (kiyoyozi kilifanya kazi mpaka Kibiti). Daraja la Mkapa tumelipita mapema, nikajua leo tunafika na jua, kumbe nilisahau Somanga. Kimbunga Hidaya cha mwezi wa tano na mvua zake vilikata barabara maeneo yale, na bado tulikuta michepuko, magari yanapishana kwa zamu, vumbi mpaka kwenye meno. Tumekaa pale zaidi ya saa nzima. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akafungua deli lake akagawa muhogo wa kuchemsha kwa mstari wetu wote bila kumuuliza mtu, "kuleni wanangu, njia hii haina mwenyewe."

Nangurukuru tumekula wali samaki haraka haraka maana dereva anahesabu dakika. Baada ya hapo ni Lindi na usingizi. Kabla ya kufika Mtwara nikanunua ming'oko dirishani, ya buku moja, ya moto na chumvi. Kama hujawahi kula ming'oko, ni mizizi ya porini inachemshwa, unamenya unakula, na ukishakula huko kusini utaitafuta Dar yote usiipate.

Ushauri kwa anayekuja: kaa upande wa kushoto wa basi. Jua la mchana linachoma upande wa kulia na pazia huwa halipo.

Jumatano 16 Oktoba. Mtwara mjini, kisha Msimbati

Asubuhi yote imeishia kwenye vibali. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 2000 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya 1994, kwa hiyo huwezi tu kuingia na matepe yako ukaanza kupima, lazima barua, lazima kontrol namba, lazima ulipe kwa simu alafu usubiri risiti isome. Ofisi moja mtandao ulikuwa chini, tukaambiwa "rudini saa nane". Sawa. Tukaenda Feri sokoni kula supu ya pweza na chapati, elfu tatu, na Dokta (ndo mkuu wa msafara, mtu wa matumbawe) akawa anazunguka kwenye meza za samaki anaangalia pono na changu wana ukubwa gani. Wauza samaki walidhani ni mnunuzi wa hoteli, bei ikapanda meza baada ya meza.

Saa tisa tukaondoka. Mtwara mpaka Msimbati ni kama kilomita arobaini na kitu, unapita Madimba kwenye mtambo wa gesi, baada ya hapo mchanga unaanza kuwa mzito. Ukija kwa bodaboda jiandae kushuka na kusukuma, na usikubali bei ya kwanza, mimi nilipouliza tu niliambiwa elfu thelathini, kumbe mwenzangu kashawahi kulipa ishirini. Sisi tulikuwa na gari na bado tulikwama. Vijana wa kijijini wakaja na makuti makavu wakatandika chini ya tairi, gari ikatoka, wakakataa hela. Mmoja akasema tu, "mwambieni huyo dereva wenu apunguze upepo wa matairi." Alipunguza.

Usiku tumefikia kwa mama mmoja mwenye vyumba viwili vya wageni. Ugali wa muhogo, pweza wa nazi, pilipili ya kusaga pembeni. Pale barazani mzee jirani yake alitoa kauli ambayo niliiandika palepale: "Ile mitambo ya gesi inapimwa kila saa, usiku na mchana kuna mtu anaangalia mshale. Bahari inapimwa wakija wageni." Dokta alicheka lakini sio kicheko cha kufurahi.

Alhamisi 17 Oktoba. Mwambani na kina mama

Mwezi mpevu, bamvua lenyewe. Maji yalikuwa yanatoka kabisa kwenye saa nne asubuhi, na kina mama wanakwenda nayo, hawasubiri mtu. Bibi aliyetuongoza ana miaka sabini na kitu, kanga moja kaifunga kiunoni, yeboyebo miguuni, mkononi ana chuma chenye ncha iliyopinda. Tukampa shikamoo, akatuitikia, akaangalia miguu ya Dokta: "Marahaba wanangu. Na huyu naye viatu vya ngozi baharini anakwenda kuoa?"

Kazi ya siku hiyo ilikuwa hivi. Unatandaza tepe ya mita hamsini juu ya mwamba uliokauka, kila baada ya mita kadhaa unaweka fremu ya bomba la plastiki, sentimita hamsini kwa hamsini, wanaiita kwadrati, unakadiria ndani yake kuna asilimia ngapi ya matumbawe hai, ngapi majani, ngapi mchanga, unapiga picha, unasonga. Kazi ya kuinama. Dokta alipomaliza tepe ya kwanza akasema kwa furaha kwamba mwani pori ni kidogo kuliko alivyotegemea, dalili nzuri, mwamba haujazidiwa na majani.

Bibi akasimama. Nanukuu nilivyoandika: "Hapa mwezi wa saba majani yalikuwa yananifika kwenye goti. Yameng'oka sasa kusi imekatika, matlai inaingia. Mkija kwenye kusi mtaandika mwamba unakufa, mkija sasa mtaandika umepona, na mwamba ni uleule, haujaumwa wala haujapona."

(Kusi na matlai ni majina ya pepo za msimu.) Kimya. Dokta akachukua fomu yake akaanza kuchora safu mpya pembeni kwa kalamu, "msimu, kwa mujibu wa mwenyeji". Kiukweli hapo ndo nilianza kuona safari hii ina maana gani. Mtaalamu ana kipimo ambacho Bibi hana, anaweza kulinganisha mwamba huu na wa Mafia au wa Pemba kwa namba zinazofanana, ila yeye anakuja siku nne kwa mwaka, tena mwaka ambao mradi una hela. Bibi yupo pale kila bamvua tangu binti. Ukichukua namba za siku nne ukaziita afya ya bahari bila kumuuliza mtu wa kila bamvua, unaweza kuandika ripoti nzuri kabisa ya kitu ambacho ni upepo tu umebadilika.

Alafu tukaenda kwenye pweza, na hapa mi nilisahau hata kupiga picha. Mimi naona mawe. Bibi anaona nyumba: vipande vya makombe na maganda ya kaa vimelundikana mdomoni mwa tundu, maana yake mwenyewe anatoka anawinda anarudi anakula kibarazani. Akachokoa, akatoka wa kilo na nusu hivi. Tundu la pili akainama akaangalia, akaondoka. Nikauliza mbona hujachokoa, akasema mlango umezibwa kwa mawe kwa ndani, huyo jike kalalia mayai, hatoki hata kula, akishaangua anakufa, "mimi nikimtoa leo napata kitoweo cha leo." Dokta akathibitisha, pweza yule wa miambani anaishi mwaka mmoja na kidogo tu, jike anataga mara moja, anayalinda mayai mpaka mwisho wake. Ndo maana sehemu nyingi za pwani yetu wameanza kufunga mwamba miezi miwili mitatu alafu kufungua, kwa sababu pweza anakua haraka mno, ukimwacha kidogo tu unamkuta mwingine. Na sheria yetu inakataza kuvua wa chini ya nusu kilo. Bibi hana mizani, anapima kwa kiganja.

Katibu wa BMU tulimkuta ufukweni anasubiri na mzani wa kuning'iniza na kauntabuku. (BMU ni vile vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi, vipo chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003.) Kila mama akitoka mwambani anaandikwa: mwamba gani kaenda, kaingia saa ngapi, katoka na kilo ngapi. Na miamba ina majina yake yote, mingine ni majina ya watu waliokufa zamani, na katibu akaniomba nisiyaweke hadharani wasije wavuvi wa mbali, kwa hiyo siweki. Yule kijana wa timu anayeshughulika na takwimu alipoona kile kitabu kimejaa kurasa za miaka alikaa chini mchangani. Kilo kwa mtu kwa bamvua moja! Hicho ndo kipimo ambacho watu wa uvuvi wanakitafuta kila mahali, ukiona watu wanatumia muda uleule na kilo zinashuka, kuna tatizo huko chini. Kilikuwa kwenye rafu ya katibu, kimewekewa jiwe juu upepo usikipeperushe.

Ijumaa 18 Oktoba. Baharini na Nahodha

Boti ya mbao na injini, elfu themanini kwa siku, mafuta juu yetu. Tumetoka alfajiri kuwahi kabla ya upepo, na kuwahi Ijumaa pia, maana Nahodha alishasema saa sita anataka awe nchi kavu.

Kijana wa takwimu alikuwa na GPS. Nahodha alikuwa na mnazi mmoja uliopinda na paa la bati. Anapanga alama zake mbili za ufukweni zikae mstari mmoja, anatazama upande mwingine alama ya tatu, anasema "tupa nanga". GPS ikasema tumekosea mita kumi na mbili. Wakazama, wakakuta mwamba uko chini ya boti, kumbe pointi ya zamani ndo ilikuwa pembeni.

Chini huko walitandaza tepe ileile ya mita hamsini, wakahesabu samaki upana wa mita mbili na nusu kila upande. Mi nikabaki juu na Nahodha, na yeye ndo alikuwa darasa langu. Ananionyesha kwa kidole maji ya rangi tofauti: pale baruti, pale baruti, pale bado pazima. Kwa miaka mingi pwani hii ya kusini mabomu ya kuvulia samaki yalikuwa yanasikika asubuhi watu wakinywa chai, yamepungua sana baada ya msako wa kuanzia 2017 hivi. Alichonieleza ni kwamba bomu likilipuka samaki wengi wanazama, hawaelei, kibofu cha hewa kimepasuka, mvuvi anaokota wachache na wengine wanaozea chini. Na Dokta alipopanda akaongeza upande wake, kwamba shida kubwa ni kifusi kinachobaki, vipande vya matumbawe vinasukumwa na mawimbi huku na kule, kitumbawe kichanga kikitaka kushika hakipati pa kushikia, ndo maana sehemu iliyopigwa zamani bado ni jangwa.

Nahodha pia anaikumbuka 1998, yeye anaita mwaka wa Elnino, wote tunaikumbuka kwa mvua lakini yeye anaikumbuka kwa mwamba kuwa mweupe pe, akadhani kuna mtu kamwaga chokaa. Dokta akaeleza kwamba tumbawe ni mnyama, anaishi na vijimea vidogo mno ndani ya mwili wake, hivyo ndo vinampa rangi na chakula, maji yakizidi joto kwa muda anavifukuza, anabaki mweupe na njaa. Na mwaka huohuo wa safari yetu, 2024, mwezi wa nne, wanasayansi walitangaza kwamba dunia iko kwenye tukio la nne la matumbawe kupauka kote kote. Nahodha hakuwa amesikia tangazo lolote, ila alisema, "mwezi wa tatu maji yalikuwa yanachosha, ukizama hupati ubaridi mpaka chini sana." Akataja miamba miwili iliyopauka na mmoja ambao haukupauka, ule wa karibu na kina kirefu ambako maji baridi yanapanda. Dokta akaandika yote matatu. Satelaiti inapima joto la juu ya maji, akasema, haimwambii mwamba gani ulipona.

Kitu kingine kilichonishangaza ni mkondo. Ule mkondo mkubwa unaokatiza Bahari ya Hindi kutoka mashariki unagonga Afrika hapahapa jirani, maeneo ya mpaka wa Mtwara na Cabo Delgado, unagawanyika, mmoja unapanda Lindi, Mafia, Dar mpaka Kenya, mwingine unashuka Msumbiji. Kwa hiyo mayai na vichanga vya samaki na matumbawe wa huku vinaweza kusafirishwa kwenda kuotesha miamba ya kaskazini. Nahodha akaguna: "Sasa hilo nalo la kusomea? Kitu kikikuponyoka hapa ukitafute Lindi."

Tukiwa tunarudi nyangumi akapumua mbali upande wa kulia, alafu wa pili mdogo pembeni yake, mama na mtoto. Wanapita huku kuanzia kama mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja. Picha yangu ina maji matupu na bega la Nahodha.

Jumamosi 19 Oktoba. Mkutano

Ulikuwa uanze saa tatu. Lakini ndo zile siku za kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura wa serikali za mitaa, mwisho kesho yake, na mwenyekiti hakutaka mtu aje kupiga soga ya pweza hajajiandikisha. Tukaanza saa saba. Ukipanga mkutano kijijini, uliza kwanza kuna nini kingine wiki hiyo, usiulize tarehe tu.

Zoezi: ramani ya bahari imechorwa kwenye karatasi kubwa, kila kundi linatoa alama moja mpaka tano kwa kila eneo, alafu linasema lina uhakika kiasi gani, mkubwa, wa kati au mdogo. Wataalamu nao wanajaza yao pembeni bila kuangalia. Mwanzoni wanaume wakatawala, kina mama wakawa wanatikisa vichwa tu, mpaka Bibi aliposema sisi tupeni karatasi yetu tukakae chini ya mwembe. Karatasi yao ndo ilirudi na maelezo marefu kuliko zote, kwa sababu wao ndo wa maji madogo, majani ya bahari, kaa, chaza, vitoto vya samaki, vitu ambavyo mwenye boti anavipita juu.

Vijana wakatoa alama nne kwa eneo moja, wazee wakatoa mbili. Nusura wagombane. Mzee mmoja akasema wakati wake nguva (yule mnyama mkubwa wa baharini anayekula majani) alikuwa ananasa kwenye jarife, wavu wa macho makubwa, leo kijana huyu hajawahi hata kumwona, "atamkumbukaje?" Dokta hakuchagua mshindi wala kutafuta wastani, aliandika zote mbili na umri pembeni, akasema pengo lenyewe ndo habari, na kwamba hata hao nguva, mengi yanayojulikana kwao hapa Tanzania yametoka kwa wavuvi walioulizwa. Akatoa mfano wa Australia, ripoti yao ya taifa ya hali ya mazingira ya 2021, iliyotoka kwa umma Julai 2022, kwa mara ya kwanza karibu kila sura ilikuwa na mwandishi mwenza mwenyeji, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, sio kwenye shukrani mwisho wa kitabu bali kwenye jina la waandishi, na tathmini zao zimekaa pamoja na za wanasayansi, hata zinapotofautiana.

Hapo katibu akanyoosha mkono. Swali lake lilikuwa fupi: sisi tumeshahojiwa na watu wengi sana, majibu yake yako wapi? Mi naona hili ndo jambo kubwa kuliko yote niliyoandika. Watu wanatoa siku zao, wanatoa majina ya miamba ya babu zao, alafu ripoti inabaki Dar kwa Kiingereza, na huku mwambani hakuna anayejua alipata alama ngapi. Kumshirikisha mtu maana yake akuone umeandika nini, aweze kukukatalia.

Dokta hakuahidi kutuma kitu. Alikaa na yule kijana wa takwimu mpaka saa sita usiku kwa taa ya sola, wakaandika matokeo ya awali kwa Kiswahili kwa maka peni kwenye karatasi ngumu, namba za tepe upande mmoja, alama za vikundi upande mwingine, wakaibandika asubuhi ukutani ofisi ya BMU. Kabla hatujaondoka tayari kulikuwa na mtu anabisha mbele yake.

Jumapili 20 Oktoba. Mikoko

Matope mpaka magotini, mbu, jua, mtumbwi elfu kumi na tano. Mwenyeji wetu alikuwa anataja mkoko, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana, mkomafi bila kusimama na kijana wa takwimu anahangaika na kitabu. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, na soksi ndefu.

Jumatatu 21 Oktoba. Kurudi

Basi la alfajiri, safari hii elfu thelathini maana kiyoyozi hakikutajwa kabisa. Mama mwenye nyumba alitufungia pweza mkavu na korosho za kuchoma, abiria wa jirani akalalamika harufu mpaka Mnazi Mmoja ya Lindi, baada ya hapo akaomba kuonja.

Tumesharudi, katibu katutumia picha WhatsApp. Kwenye ile karatasi ya ukutani mtu kafuta alama ya mwamba mmoja kwa peni nyekundu, kutoka tatu kashusha mbili, na pembeni kaandika "nyavu za macho madogo, nimeona mwenyewe", na tarehe. Dokta kamuuliza kama anaweza kumpata aliyeandika. Katibu kajibu anaye, ni mjukuu wa Bibi.

Kwa wanaotaka kwenda: angalia mwezi kwanza, tarehe ya likizo baadaye. Mwezi mchanga au mpevu, ongeza siku moja au mbili, ndo maji yanatoka vizuri. Mwambani usiende peke yako, omba mama mmoja akuongoze na umlipe maana unamchelewesha kazi, usigeuze mawe ukayaacha hivyo, na vaa yeboyebo, Mtwara sokoni zilikuwa elfu tano.